Wavumaji wa Mama Mkwe

Fundi huyu waliomjua walimwita Rula. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho tu, na huko ndiko lilikobaki. Walimwita Rula kwa sababu alipima kila kitu. Alipima mbao, alipima mlango wa jirani bila kuombwa, na siku moja alimpima bwana harusi mabega, akamwambia kitanda alichoagiza kitambana.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa paa la bati juu ya kenchi za mbao laini, na haikuwa na ukuta upande wa bustani. Kila asubuhi Rula aliwasha redio, akapanga randa, patasi na msumeno juu ya benchi, akaanza kazi. Ikifika saa sita, maranda yalikuwa yamemfikia vifundoni.

Upande wa pili wa ua aliishi mama mkwe wake. Alikuwa na chumba chake, jiko lake na mlango wake, maana hakutaka kuwa mzigo wa mtu. Kati ya mlango wake na karakana kulikuwa na kichanja cha waya. Juu ya kichanja hicho ilitambaa mipasheni mitatu. Mama mkwe aliiotesha mwenyewe kwa mbegu. Aliuza pasheni kwa wauza maji ya matunda, na kwa pasheni hizo hakuwahi kumwomba mtu hata chumvi.

Juu ya maua ya mipasheni walifanya kazi nyuki weusi wakubwa, kila mmoja mnene kama ncha ya kidole gumba. Walivuma kama pikipiki inayopanda mlima. Mama mkwe aliwaita wavumaji wake. Walilala katika matundu waliyotoboa wenyewe kwenye kenchi za karakana. Matundu yalikuwa ya duara kabisa. Rula aliwahi kuyapima, na moyoni alikiri kwamba keekee yake isingetoboa vizuri zaidi.

Mwaka mmoja macho ya mama mkwe yaliingia ukungu. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, lazima afanyiwe upasuaji. Hospitali ilikuwa mbali, karibu na kwa binti yake mdogo. Angekaa huko wiki sita.

Siku ya kuondoka alisimama chini ya kichanja na mkoba wake.

"Baba," alimwambia Rula, maana hivyo ndivyo alivyomwita mkwe wake, "bustani nakuachia wewe. Maji jioni. Matawi usikate. Na hao wavumaji usiwasumbue, nimezoea sauti yao."

"Usiwe na wasiwasi, mama," alisema Rula. "Ukirudi utaikuta kama ulivyoiacha."

Wiki mbili zikapita, akamwagilia kila jioni. Ndipo akaja mwalimu mkuu kuchukua kabati lake. Alikuja na walimu wawili wa kumsaidia kubeba. Rula akavuta kwa madaha turubai lililoning'inia mbele ya kabati. Juu ya kabati, kwenye vanishi mpya, palikuwa na kijilima cha unga wa mbao na madoa ya manjano ya kinyesi cha nyuki. Mwalimu mkuu akatazama juu, akaona matundu.

"Fundi," alisema, "kama paa lako mwenyewe linaliwa, kabati langu litapona?"

Walimu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini Rula alikisikia kicheko kile mpaka usiku. Fundi kuchekwa juu ya mbao, karakanani kwake, ni sawa na mpishi kuambiwa hajui kuchemsha maji.

Kesho yake alikwenda duka la pembejeo akanunua dawa ya kuua wadudu na bomba la kunyunyizia. Kwenye chupa paliandikwa kipimo. Rula, mtu wa vipimo, siku hiyo hakupima. Alimimina kwa hasira. Alinyunyizia matundu yote ya kenchi, kisha akayaziba kwa gundi aliyoichanganya na unga wa mbao. Akaona nyigu wamejenga nyumba za udongo chini ya bati, akawanyunyizia. Akaona msafara wa sisimizi ukutani, akawafuata mpaka shimoni kwao. Na kwa kuwa wavumaji kadhaa walikuwa bado kwenye maua, akanyunyizia na kichanja.

Mkewe alitoka jikoni akiwa amefunika pua kwa kanga.

"Si mama alisema usiwasumbue?"

"Sijawasumbua," alijibu Rula. "Nimewapumzisha."

Mkewe hakucheka.

Asubuhi Rula alifagia. Pamoja na maranda zilikuja maiti: nyuki weusi wakubwa, nyuki wa asali, nyuki wadogo kama punje ya mtama, nyigu wa viuno vyembamba, sisimizi wasiohesabika. Mmoja wa wale weusi alikuwa bado anatikisa mguu. Rula alisita kidogo, kisha akammwaga kwenye pipa pamoja na wengine. Dawa iliyobaki aliwagawia majirani wawili, mwenye kabichi na mshona viatu. "Mdudu ni mdudu," aliwaambia. "Mmalize kabla hajakumaliza."

Mama mkwe alirudi akiwa na miwani myeusi. Alipoivua alifurahi kama mtoto. Aliona nyufa za ukuta, aliona mvi za binti yake, aliona mpaka herufi za kwenye kiberiti. Rula aliogopa kidogo kuona jinsi macho yale yalivyozunguka kila mahali.

Mipasheni ilikuwa imechanua. Maua yalifunguka saa sita mchana, meupe yenye nyuzi za zambarau, mazuri ajabu. Jioni yalifumba. Siku mbili baadaye yalianguka chini, bila tunda. Yakafunguka mengine, yakaanguka. Kila asubuhi mama mkwe aliyafagia.

"Mbona kimya hapa?" aliuliza siku moja. "Wavumaji wangu wako wapi?"

Rula alikuwa anapiga randa. Hakuinua uso.

"Sijui, mama. Labda wamehama."

Neno lilitoka mdomoni mwake jepesi, kama randa juu ya mbao laini. Mkewe, aliyekuwa anaanika nguo, aligeuka akamtazama. Rula aliona masikio yake mwenyewe yanapata moto.

Mwezi mzima ukapita, pasheni hakuna. Muuza maji ya matunda alikuja mara mbili na kikapu kitupu, mara ya tatu hakuja. Mama mkwe alianza kununua chumvi kwa kipimo cha kijiko. Usiku binti yake akimpelekea chakula, alikipokea kwa mikono miwili na shukrani nyingi mno, kama mgeni.

"Nadhani ni mimi," alimwambia Rula jioni moja. "Mkono wangu umezeeka, na mimea nayo imezeeka. Huu wa pembeni ndio mkubwa wao. Nikatie, baba, nipande mboga. Niletee msumeno."

Rula alijua hapo kwamba kuna jambo analopaswa kusema. Hakujua nyuki wanahusika vipi na matunda, lakini alijua kwamba kabla ya dawa pasheni zilikuwepo, na baada ya dawa hazikuwepo. Alileta msumeno. Alikata shina lililokuwa nene kama mkono wa mtoto. Mama mkwe alilishika shina wakati likikatwa, kama mtu anayemshika mgonjwa akidungwa sindano, na alipomaliza akasema, "Asante, baba."

Usiku ule Rula hakugusa chakula. Alimwambia mkewe kwamba tumbo linamsokota.

"Tumbo," alisema mkewe. "Haya."

Wiki iliyofuata bibi shamba, mtaalamu wa kilimo, alikuja mtaani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya tope na lenzi ndogo iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Aliitwa na yule jirani mwenye kabichi, ambaye kabichi zake zilikuwa zimeliwa na viwavi zikabaki mishipa. Mama mkwe alimwona ng'ambo ya ua wa miti, akamwita naye aje aone mipasheni.

Bibi shamba alichuma ua moja lililofunguka, akamwita Rula na mkewe pia. Akawapa lenzi wapokezane.

"Mnaona huu unga wa manjano hapa chini? Unaitwa chavua. Na hivi vidole vitatu vilivyokaa juu, ndivyo vinavyotakiwa kupata chavua ili tunda lishike. Sasa, unga huu ni mzito na unanata. Upepo hauwezi kuubeba. Tena pasheni za aina hii hazitaki chavua ya shina lao lenyewe. Zinataka ya shina jingine. Nani atautoa unga huku aupeleke kule?"

"Nyuki," alisema mke wa Rula.

"Nyuki gani?"

"Wa asali."

"Huyo ni mdogo. Akiingia kunywa maji matamu, mgongo wake haufiki kwenye vile vidole. Atajaza tumbo aende zake. Hapa anatakiwa nyuki mkubwa, mpana, anayepita chini akapaka unga mgongoni, kisha akaupangusa kwenye ua jingine. Yule mweusi anayetoboa mbao. Karakana hii si ya jana. Lazima walikuwepo. Wako wapi?"

Rula aliangalia vidole vyake vya miguu. Mkewe alimwangalia yeye. Mama mkwe aliinua macho yake mapya, akayapeleka polepole juu ya kenchi, kwenye viraka vya gundi na unga wa mbao, kimoja baada ya kingine. Akayashusha.

"Walikuwepo," alisema mama mkwe. "Siku hizi hatuwasikii."

Hakumtazama mkwe wake. Rula angependelea apigwe kofi.

Bibi shamba aliketi kwenye kigogo, akafuta lenzi kwa upindo wa shati.

"Watu wakisikia nyuki, wanafikiria mzinga na asali," alisema. "Lakini katika bara letu zima wako nyuki wa aina nyingi sana, na wengi wao hawana mzinga wala malkia. Kila jike anaishi peke yake. Wako wanaochimba ardhini. Wako wanaokata vipande vya majani wakatandika vyumba vya watoto wao. Wako wadogo wasiouma. Na wako hawa mafundi wa mbao. Nyuki, nyigu na chungu ni ukoo mmoja, aina zao ni maelfu kwa maelfu, na wengine hata wataalamu hawajawapa jina bado."

"Chungu na nyuki ni ndugu?" aliuliza mke wa Rula.

"Ndugu kabisa. Siafu, sisimizi, majimoto, wote ni wa ukoo huo. Tazama viuno vyao. Na kila mmoja ana ajira yake. Jirani yenu kule analia na viwavi. Nimemuuliza nyigu wako wapi, anasema aliwapiga dawa. Nyigu wengi huwinda viwavi wakawalisha watoto wao. Ukimuua nyigu, umemfukuza mlinzi, halafu unashangaa wezi wametoka wapi."

"Na mchwa?" Rula aliuliza kwa sauti ya chini. Ilikuwa mara ya kwanza kufungua kinywa. "Mchwa naye ni wa ukoo wao?"

"Watu wengi hufikiri hivyo. Hapana, mchwa ni jamaa ya mende. Tena wako chungu wengi wanaowinda mchwa. Fundi wa mbao angetakiwa kuwapenda sisimizi kama mafundi wenzake."

Rula alikumbuka njia ya udongo ya mchwa aliyoiona juzi ikipanda kwenye rundo la mbao zake.

"Sasa tufanye nini?" aliuliza mama mkwe.

"Kwa sasa mtakuwa nyuki nyinyi wenyewe," alisema bibi shamba. Aliwaonyesha. Alichovya ncha ya kidole kwenye chavua ya shina moja, akaipaka kwenye vidole vitatu vya ua la shina la pili. "Kila siku, kuanzia saa sita maua yakifunguka, kabla hayajafumba jioni. Na mashina mliyonayo ni mawili tu, kwa hiyo chukueni kwa huyu mpeleke kwa huyu, na kwa huyu mpeleke kwa huyu. Mngekuwa na matatu ingekuwa bora zaidi."

Alipoondoka, Rula alisimama karibu na lile shina alilolikata. Alitamani ardhi ipasuke.

Siku tatu akakaa na neno kooni. Mama mkwe alimsalimia kama kawaida. Alimpelekea uji karakanani kama kawaida. Kama angegomba, Rula angejitetea. Angetaja kabati, mwalimu mkuu, vicheko. Lakini hapakuwa na ugomvi, na utetezi ukamchachia tumboni.

Siku ya nne, saa sita mchana, alimkuta mama mkwe amepanda juu ya stuli, kidole kimoja kina unga wa manjano, anafikia ua kwa shida. Rula alivua kofia.

"Mama, shuka. Nina neno."

Alishuka. Rula akapiga magoti kwenye maranda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yake tangu siku ya posa.

"Wavumaji hawakuhama. Niliwaua mimi. Uliniambia nisiwaguse, nikawaua kwa sababu watu walinicheka. Ukaniuliza, nikakudanganya. Ukaniambia nikate mti wako, nikaukata huku najua kuna kitu nimekificha."

Mama mkwe alijifuta kidole kwenye kanga.

"Nilijua siku ile alipokuja bibi shamba," alisema. "Nilipoona viraka."

"Mbona hukusema?"

"Mbele ya mgeni? Nikuvue nguo mbele ya mgeni, wewe baba wa wajukuu wangu?" Alitikisa kichwa. "Nilisema nikungoje. Ila nikwambie kweli, baba, mti haukuniuma sana. Kilichoniuma ni ule mwezi nilioamini mkono wangu umekufa. Nilikuwa nalia humo ndani. Neno moja lako lingenitoa kule, ukalikalia."

Rula alilia, mtu mzima, maranda yakimganda magotini. Mama mkwe alimwacha alie, kisha akamwambia, "Inuka. Saa saba hii, na maua hayangoji."

Wakafanya kazi pamoja mpaka jioni. Rula alikuwa mrefu, akafikia maua ya juu. Mikono yake iliyozoea nyundo ilijifunza kuvipaka polepole vidole vile vitatu vidogo.

Jumamosi alikwenda kwa mwenye kabichi na kwa mshona viatu. Aliwaambia waziwazi kwamba aliwashauri vibaya, na kwa nini. Mwenye kabichi alimsikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea jembe.

"Nilikuwa namlaumu mwenye duka la mbegu," alisema. "Kumbe ni wewe."

"Ni mimi," alisema Rula.

Akarudi karakanani, akafanya aliyoelekezwa na bibi shamba alipompigia simu. Alitafuta magogo makavu ya mti laini, akayatoboa matundu machache ya upana wa kidole kwa keekee, ili nyuki wapate pa kuanzia. Akafunga mafungu ya mianzi iliyo wazi upande mmoja. Vyote akavitundika chini ya paa dogo mwisho wa bustani, mahali pakavu, mbali na mvua. Kenchi zake akazipaka rangi, maana nyuki hawa hupendelea mbao tupu. Mabaki ya dawa aliyoyachukua tena kwa majirani hakuyamwaga bondeni, aliyapeleka kwa bibi shamba ayateketeze inavyotakiwa. Na mahali pa shina lililokatwa, mama mkwe akapanda mbegu mpya.

Maua waliyoyapaka kwa mkono yalishika. Kwanza vilionekana vijitufe vya kijani kama gololi. Baada ya miezi miwili na zaidi, pasheni za kwanza zikaiva, zikaanguka zenyewe. Hazikuwa nyingi kama zamani, maana watu wawili si kundi la nyuki. Lakini muuza maji ya matunda alirudi na kikapu.

Wavumaji walichelewa. Msimu mzima Rula alikagua magogo, akakuta buibui tu. Msimu wa pili, asubuhi moja, alikuta unga mpya wa mbao chini ya gogo. Hakuthubutu kusogea. Alizima redio. Kutoka ndani ya gogo ilisikika sauti ya kukwangua, taratibu, kama ya fundi mwenzake aliyewahi kazini. Alikwenda kumwita mama mkwe, wakasimama pale wote wawili wakisikiliza mpaka uji ukapoa.

Mwaka huo shina changa lilikuwa limefika juu ya kichanja, na mipasheni ilizaa mpaka waya ukalegea. Majirani walikuja kuona. Mwenye kabichi alichukua magogo mawili. Mwalimu mkuu naye alileta wanafunzi. Aliwaonyesha matundu ya duara, akausifu mpango wote, akauliza ni nani aliyeyafanya haya.

"Mkwe wangu huyu," alisema mama mkwe. "Muulizeni yeye awasimulie. Asimulie tangu mwanzo."

Watoto wakamgeukia. Rula akainama chini haraka, kama mtu anayeokota msumari kwenye maranda. Alipapasa, akapapasa. Hapakuwa na msumari. Akainuka, akasafisha koo, akaanza.

"Mimi," alisema, "niliwaua wote."